Mnunuzi wenu amefilisika? Tafuteni karatasi yake tribinali kabla siku hazijaisha



Katika gazeti letu tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na viwavi jeshi. Leo tunaongea juu ya karatasi. Sababu yake ni kooperative moja ya mahindi, huku Haut-Katanga, ambayo ilipalilia vizuri, ikavuna vizuri, ikakausha vizuri, halafu ikabaki kidogo ipoteze msimu mzima kwa sababu ya tangazo ambalo hakuna aliyelisoma.

Mnunuzi wao alikuwa na mashini kubwa ya kusaga fuba mjini. Walimpelekea mahindi mara tatu, na kila mara aliwapa bon yenye kashe. Feza hazikufika. Walingoja mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku moja dereva wa kamyo akarudi na habari: "Mlango wa patron umefungwa, kuko karatasi ya tribinali juu yake." Vijana wakataka kukodi kamyo waende kubeba mashini. Ndipo prezida wa kooperative akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alijua tangu zamani. "Ningesema nini? Ni shemeji yangu."

Tulipofika tribinali na wajumbe wawili, zilibaki siku 9 tu za kuandikisha deni lao. Siku 9, na sisi tulidhani bado tuna mwaka mzima. Ndiyo maana ninaandika makala hii: mkulima anayemdai mtu aliyefilisika hapotezi haki yake kwa sababu hana haki. Anaipoteza kwa sababu hakujua karatasi iko wapi, na siku zikapita.

Kufilisika mbele ya sheria

Kijijini tunasema "patron ameanguka" kwa kila mtu asiyelipa. Sheria inatazama mambo kwa namna nyingine. Zamani Kongo ilifuata dekre ya tarehe 27 Julai 1934. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria ya biashara ya OHADA ndiyo tunafuata pamoja na nchi nyingine 16 za Afrika. Sheria yake juu ya watu wanaoshindwa kulipa ilitengenezwa upya kule Grand-Bassam, Côte d'Ivoire, tarehe 10 Septemba 2015, na ilianza kutumika tarehe 24 Desemba 2015.

Sheria hiyo inasema mfanyabiashara ameshindwa kulipa pale ambapo feza na mali anazoweza kutumia sasa hazitoshi kulipa madeni ambayo siku yake imekwisha kufika. Hapo ana siku 30 za kwenda mwenyewe kujitangaza tribinali. Asipoenda, hata mtu anayemdai anaweza kuiomba tribinali ifungue mambo hayo, kama deni lake ni la kweli, linajulikana kiasi chake, na siku ya kulilipa imepita.

Kwenye karatasi hamtaona neno "faillite" peke yake. Mtaona mojawapo ya maneno haya, na muyajue kwa Kifaransa kwa sababu ndivyo yanavyoandikwa:

– "Règlement préventif": mtu bado hajaanguka, lakini ana taabu, na anaomba wanaomdai wakubaliane naye juu ya siku au kiasi cha kulipa.

– "Redressement judiciaire": ameshindwa kulipa, lakini tribinali inaona kazi yake inaweza kusimama tena.

– "Liquidation des biens": hakuna matumaini tena. Mali itauzwa na feza itagawanywa.

Katika mambo haya mawili ya mwisho tribinali inaweka mtu anayeitwa "syndic". Sisi tutamwita sendiki. Ndiye anapokea madeni, anahesabu mali na kuisimamia. Juu yake kuna juji mmoja anayefuatilia kazi, "juge-commissaire". Shikeni majina ya hawa wawili, maana kuanzia siku hiyo hamtaongea tena na patron peke yake.

Na jambo hili vijana walisikie: hukumu ikishatolewa, hakuna anayemdai kwenda kujilipa mwenyewe. Kubeba mashini, mabati au motopompi yake usiku si kukomboa deni, ni wizi. Hata kesi ya mtu mmoja mmoja ya kudai feza inasimamishwa. Wote wanapita mlango mmoja.

Siku 60

Hukumu ya kufungua mambo inaandikwa katika rejista ya biashara, RCCM. Kisha tangazo fupi linatolewa katika gazeti linaloruhusiwa kutoa matangazo ya sheria, mahali tribinali iko. Siku 15 baadaye linatolewa mara ya pili. Kuanzia tangazo hili la pili, wanaodai wanaoishi ndani ya nchi wana siku 60 za kuandikisha madeni yao kwa sendiki.

Tufanye hesabu. Tangazo la kwanza likitoka tarehe 1 Machi, la pili litatoka tarehe 16 Machi, na siku 60 zitaisha katikati ya Mei. Huo ni wakati wa kuvuna na kukausha mahindi, barabara bado mbaya, na hakuna gazeti la mjini linalofika Kasenga au Mitwaba. Tangazo limetoka, sheria inahesabu kwamba mmelisoma.

Ni kweli sendiki ana wajibu wa kuwaandikia wanaodai anaowajua. Lakini anawajua kwa kutazama vitabu vya patron. Kama patron hakuwaandika ninyi, au aliandika "mahindi ya kijiji" bila jina, sendiki hawajui.

Anayechelewa anaweza kuomba apokelewe bado, kama anaonyesha kwamba kosa si lake, na kama orodha ya madeni haijafungwa. Huo ni mlango mwembamba. Msipange kuupitia.

Karatasi iko wapi?

Kwanza, iko tribinali gani? Ni ile ya mahali ambapo mfanyabiashara ana makao yake makuu. Depo ya kijijini haihesabiwi. Kampuni yenye depo Kasenga lakini biro kubwa Lubumbashi, mtaitafuta kwenye Tribinali ya biashara ya Lubumbashi. Matribinali ya biashara yalianzishwa na sheria ya tarehe 3 Julai 2001, lakini hayako kila mahali. Mahali ambapo bado hakuna, kazi hiyo inafanywa na Tribunal de grande instance.

Pili, ndani ya tribinali mnaenda grefe, ndiyo biro ya makarani wanaotunza karatasi za kesi. Humo ndimo mtapata mambo matatu:

1. Rejista ya RCCM. Ni rejista ya watu wote. Hauhitaji kuwa ndugu ya patron wala avoka ili kuuliza. Njia rahisi ni kuja na namba. Itazameni kwenye fakitire, bon au kashe ya mnunuzi: inaanza na CD, halafu herufi za mji, halafu RCCM, mwaka, herufi A au B, na namba ya mwisho. A ni mtu binafsi, B ni kampuni. Kama hamna namba, leteni jina kamili la kampuni na jina la mwenyewe. Jina la ukutani au la mtaani halitoshi: "Chez Papa" fulani inaweza kuwa imeandikwa kwa jina lingine kabisa.

2. Hukumu yenyewe. Humo mtasoma tarehe, jina la sendiki, jina la juji, na siku ambayo tribinali inasema patron alianza kushindwa kulipa. Siku hii ya mwisho ina uzito. Kama kati ya siku hiyo na siku ya hukumu aliwalipa kwa pikipiki au mabati mahali pa feza, malipo hayo yanaweza kukataliwa na mkaambiwa mrudishe.

3. Orodha ya madeni. Sendiki akimaliza kuyachunguza, orodha inawekwa grefe na tangazo linatolewa. Wanaodai wanaweza kuitazama na kupinga, ndani ya siku chache zinazosemwa na sheria. Kwa hiyo safari ya grefe si moja. Ni mbili angalau.

Kama mnadai coopec au shirika la feza ndogo ndogo, anzeni na Banki Kuu ya Kongo, maana ndiyo inayotoa na kuondoa ruhusa ya kazi ya mashirika hayo.

Siku ya kwenda grefe

Tumeni watu wawili: mmoja anayejua kusoma Kifaransa vizuri, na mmoja anayejua historia ya mahindi yale. Wabebe PV ya mkutano inayowatuma, fotokopi ya karatasi za kooperative, vitambulisho vyao, na bon zote. Bon za asili zisitoke mkononi: onyesheni, lakini acheni fotokopi.

Fikeni asubuhi. Msalimie, mseme kooperative yenu, mseme mnachotafuta kwa maneno machache: "Tunataka kujua kama kampuni hii yenye namba hii ya RCCM imefunguliwa redressement au liquidation. Kama ndiyo, tunaomba tarehe ya hukumu, jina la sendiki, na tarehe za matangazo mawili ya gazeti." Andikeni jibu hapo hapo katika kitabu.

Kusoma na kuuliza ni jambo moja, kuchukua kopi yenye kashe ya grefe ni lingine. Kopi inalipiwa. Malipo ya serikali yanafanywa kwa karatasi inayoitwa "note de perception" ya DGRAD, na mnapata uthibitisho wa malipo. Feza inayoombwa mkononi bila karatasi, ombeni karatasi yake kwa heshima, bila ugomvi. Mara nyingi neno hilo moja linatosha kupunguza bei. Kama feza ni chache, msichukue kopi ya kila kitu: hukumu inatosha kwa kuanza.

Mkiambiwa "mrudi kesho", andikeni barua fupi ya ombi, kopi mbili, na moja irudi kwenu na kashe ya kupokelewa na tarehe. Hata kama jibu litachelewa, barua hiyo itaonyesha kwamba hamkulala.

Bon yenu inasema nini?

Hapa ndipo tulijifunza zaidi. Ile kooperative ilikuwa na bon tatu. Mbili ziliandikwa "achat". Moja iliandikwa "dépôt". Kwa macho ya mkulima zote ni sawa: mahindi yalitoka, feza hazikurudi. Mbele ya sendiki si sawa hata kidogo.

"Achat" maana yake mliuza. Mahindi yakawa ya patron, na ninyi mkabaki na deni. Mnaingia katika mstari wa wanaodai. Mbele yenu kuna gharama za kesi, mishahara ya wafanyakazi, banki yenye rehani ya nyumba, na wengine sheria inaowatanguliza. Kinachobaki ndicho mnagawana, kila mmoja kulingana na deni lake.

"Dépôt" maana yake mliweka. Mahindi bado ni yenu. Sheria inaruhusu kudai mali iliyowekwa kwa mfanyabiashara ili aitunze au aiuze kwa niaba yenu, kama bado iko na inatambulika. Lakini hata hapo lazima mjiandikishe kwa sendiki na kusema wazi kwamba mnadai mali yenu irudi.

Tuseme mlipeleka mifuko 160 ya kilo 50, ndiyo tani 8, kwa dola 0.40 kilo moja. Ni dola 3,200. Kama ni "achat", na mwishoni wanaodai wa kawaida wanapata dola 12 kwa kila dola 100, mtarudi kijijini na dola 384. Kama ni "dépôt", na mifuko ile 160 bado iko depo na alama yenu juu yake, mtarudi na mifuko 160.

Kwa hiyo kutia rangi ya kooperative kwenye mifuko si mapambo. Na sekretere anaposaini bon, asome neno lililoandikwa juu ya kashe, asisome kiasi peke yake.

Kuandikisha deni

Barua inaitwa "production de créance". Inaandikwa kwa Kifaransa. Kama hakuna avoka, mwalimu wa sekondari anaweza kusaidia. Haihitaji maneno makubwa. Iwe na mambo haya:

– Jina la kooperative, namba yake katika rejista ya makooperative, mahali ilipo, simu.

– Jina la mnayemdai, namba yake ya RCCM, tarehe ya hukumu.

– Kiasi kamili cha deni, kama lilivyokuwa siku ya hukumu, na lilitoka wapi: tarehe, kilo, bei.

– Kama mnadai mali irudi, mseme mali gani, iko wapi, na inatambulikaje.

– Bordero ya karatasi zote zilizoambatanishwa, kila moja na namba yake.

– Saini ya anayeruhusiwa na PV.

Mpelekee sendiki mkononi, na mchukue karatasi ya kupokelewa. Bila karatasi hiyo, ni kama hamkwenda.

Kama kwenye rejista hakuna kitu

Mara nyingi mtarudi mikono mitupu. Msidhani basi mnunuzi ni mzima. Kuna "conciliation", mapatano yanayofanywa kwa siri, ambayo haitangazwi. Kuna wale ambao hawakujiandikisha kamwe. Na kuna wengi wanaofunga mlango usiku, wanahama, na tribinali haisikii habari zao.

Hapo karatasi haipo kwa sababu hakuna aliyeifungua. Kama deni ni wazi na bon zipo, kuna njia fupi ya OHADA inayoitwa "injonction de payer", ambayo ndani yake juji anaweza kutoa amri ya kulipa baada ya kutazama karatasi zenu. Ulizeni grefe ile ile. Msiende mbio kumwita mtu tribinali, lakini msimngoje pia mpaka awe amekwisha kuuza kila kitu.

Mahali padogo, midomo mingi

Katika mji mdogo hakuna mtu anayedaiwa ambaye si shemeji, jirani au mwenzako wa kanisa. Prezida yule hakuiba. Aliona haya kumwaibisha ndugu ya mke wake. Lakini haya yake ingewagharimu wamemba wote.

Tulikubaliana nao kanuni tatu, na ninazipendekeza kwenu. Kwanza: mkubwa wa kooperative mwenye undugu na mnunuzi aseme undugu huo mapema, uandikwe katika PV, na mtu mwingine afuatilie deni. Hapo shemeji hatamlaumu, maana si yeye aliyekwenda. Pili: msiseme "amefilisika" mbele ya watu kabla hamjasoma hukumu. Kuharibu jina la mtu ni kosa katika kodi penali yetu, na uvumi unaweza kumwangusha mtu ambaye angelipa. Tatu: katika orodha ya madeni mtaona pia madeni ya wengine, mishahara, majina ya wajane. Chukueni yanayowahusu. Mengine yabaki grefe.

Na mkumbuke: sheria hii haiwatazami wanunuzi peke yao. Kooperative nayo inaweza kufunguliwa mambo hayo hayo ikishindwa kulipa. Siku moja jina lenu linaweza kuwa ndilo linalotafutwa.

Ile kooperative iliandikisha deni lake zikiwa zimebaki siku 4. Mifuko ya "dépôt" ilipatikana, si yote, lakini mingi, kwa sababu mama mmoja wa komite alikuwa ameshona kila mfuko kwa uzi mwekundu. Kwa zile bon mbili za "achat" bado wanangoja.

Ya kufanya katika mkutano unaokuja

1. Mwandike katika kitabu namba ya RCCM ya kila mnunuzi. Asiyetaka kuitoa, mjiulize kwa nini.

2. Mtazame bon zote zilizobaki bila kulipwa: ni "achat" au "dépôt"?

3. Mchague wajumbe wawili wa grefe, kabla ya shida.

4. Deni likipita siku yake kwa mwezi mmoja, wajumbe waende kuuliza. Ikiwa safari ni mbali, mjipange na kooperative jirani, mtu mmoja aulize kwa wote.

5. Mifuko itiwe alama. Uzi mwekundu unatosha.